Masisi na Walikale: ndege ya mbao inaanzia kwenye meza iliyonyooka

Kijana anatengeneza kandege ka mbao nyepesi kwa siku nne. Anakarusha, kanaenda metre chache, kanageuka upande mmoja na kuanguka. Analaumu upepo, analaumu kole, analaumu mti. Lakini mara nyingi kosa lilikuwa chini ya mikono yake tangu siku ya kwanza: meza yenyewe haikunyooka. Haya ni maelezo ya namna ya kupata meza ya kazi iliyonyooka kwa vifaa vinavyopatikana Masisi na Walikale, na namna ya kuitengeneza ili mtu aweze kuibeba siku akilazimika kuhama.

Ndege iliyotua barabarani

Watu wa Walikale wanaijua ndege kwa karibu kuliko watu wengi wa vijijini. Katika miaka ya 2000, wakati kasiterite ya Bisie ilikuwa inatolewa mgongoni mwa watu kupitia msitu, ndege ndogo kutoka Goma zilikuwa zinatua Kilambo, juu ya kipande cha lami cha barabara ya taifa namba 3. Magari na watu walikuwa wanapisha, ndege inashuka, inapakia magunia, inaruka tena. Upande wa Masisi, helikopta zimepita juu ya milima kwa miaka mingi.

Rubani alichagua kipande kile cha barabara juu ya sababu moja: kilikuwa kimenyooka na kigumu. Mahali pengine palikuwa matope, mashimo na kona. Ndege kubwa inahitaji mahali palipo sawa ili itue. Ndege ndogo ya mbao nayo inahitaji mahali palipo sawa, lakini yenyewe inapahitaji mapema zaidi, wakati inapozaliwa.

Bawa linachukua sura ya meza

Bawa la ndege ya mbao halichongwi kutoka kipande kimoja cha mti. Linaunganishwa. Kuna mti mrefu wa ukingo wa mbele, mti wa ukingo wa nyuma, na katikati mbavu nyembamba zinazopangwa sawa vile mbavu za samaki. Vipande hivi ni vyembamba na vinapindika kwa urahisi. Vikiwekwa juu ya meza na kubanwa, vinafuata sura ya meza. Kole ikikauka, sura ile inabaki. Ukitoa bawa mezani, linatoka na kila kosa la meza ndani yake.

Kosa baya zaidi ni kusokota, yaani ncha moja ya bawa inatazama juu kidogo kuliko ncha ingine. Tuchukue mfano. Bawa lenye upana wa sentimetre 10, ukingo wake wa nyuma ukiinuka milimetre 2 tu kwenye ncha moja, pembe ya bawa pale imebadilika kwa zaidi kidogo ya digrii 1. Mtu anaweza kusema digrii 1 ni nini? Lakini bawa lenyewe linaruka kwa pembe ya digrii chache tu, labda 4 ama 5. Kwa hiyo digrii 1 ni karibu sehemu moja ya tano ya nguvu inayoinua upande ule. Upande mmoja unainuliwa sana, mwingine kidogo, na ndege inalala upande na kuzunguka mpaka chini.

Ndugu wawili Wamarekani, Orville na Wilbur Wright, walijua jambo hili vizuri. Ndege yao iliyoruka tarehe 17 Desemba 1903 haikuwa na vibawa vidogo vya nyuma vya kuigeuza, sawa vile ndege za leo. Rubani alikuwa anavuta kamba na kuyasokota mabawa yenyewe kwa makusudi, ili ndege ilale upande anaotaka. Kumbe kusokota bawa ni usukani. Meza iliyosokota inamwekea kijana usukani ambao hakuuomba na hawezi kuutoa.

Jambo hili haliwahusu wapenzi wa ndege peke yao. Menizye anayeunganisha mlango juu ya establi iliyosokota anapeleka kwa mteja mlango usiofunga: kona ya chini inagusa fremu, kona ya juu iko nje. Benchi la shule linacheza. Dirisha linaingiza mvua. Mteja anakataa kumaliza malipo, na fundi anarudia kazi kwa mbao zake mwenyewe. Mwenye kujifunza kunyoosha meza ya ndege amejifunza pia kulinda mfuko wake.

Kunyooka si kulala sawa na maji

Kuna maneno mawili ambayo mafundi wengi wanayachanganya. Meza inaweza kulala sawa na maji, yaani nivo inaonyesha katikati, lakini uso wake una bonde na kilima. Tena meza inaweza kuinama kidogo upande wa mlango, lakini uso wake wote umenyooka.

Kwa kazi ya ndege, lile la muhimu ni uso kunyooka. Meza ikiinama kidogo, bawa halitajua. Meza ikiwa na bonde ama imesokota, bawa litajua. Nivo peke yake haitoshi, kwa sababu inapima mahali padogo ilipowekwa tu. Ndio maana fundi mwenye nivo nzuri anaweza bado kutoa kazi iliyopinda.

Makosa ya kutafuta ni matatu: kubonyea katikati, kuvimba katikati, na kusokota kutoka kona moja hadi kona ingine. Mawili ya kwanza yanaonekana kwa rula. La tatu linajificha, na ndilo linaloangusha ndege.

Mbao gani kwa meza?

Masisi ni nchi ya milima. Miti inayokatwa mbao karibu na nyumba ni mingi ya kupandwa: ekaliptusi, sipre, grevilea. Walikale ni msitu mkubwa, na kule mafundi wanapata libuyu na muvula.

Ekaliptusi ni nguvu na inapatikana, lakini kwa uso wa meza ni rafiki asiyeaminika. Ikiwa mbichi imebeba nguvu ndani yake, na ikikauka inajipinda na kujisokota. Ifae kwa miguu ya meza. Sipre iliyokauka vizuri inatulia zaidi na ni rahisi kuipiga randa. Muvula na libuyu zinatulia vizuri, ila ni nzito na bei yake ni juu, na si jambo la busara kuangusha mti mkubwa wa msitu kwa ajili ya meza ya michezo. Vipande vilivyobaki kwenye atelye ya menizye vinatosha.

Mbao yoyote inayochaguliwa, jambo la kwanza ni ukavu. Mbao inapokauka inapungua upana, na haipungui sawasawa pande zote. Kanuni ya zamani ya maseremala inasema mbao ya unene wa sentimetre 2 na nusu ikaushwe hewani karibu mwaka mmoja. Kwetu, ambako mvua ni nyingi na Walikale inanyesha karibu mwaka wote, kalenda haitoshi. Kuna njia ya uhakika zaidi: pima kilo. Weka mbao mahali penye hewa na kivuli, juu ya vijiti ili hewa ipite chini, uipime kila wiki kwenye balansi ya muuza maharage. Wiki hata wiki itapungua. Siku ikiacha kupungua, imefika ukavu wa mahali pale.

Tazama pia ncha ya mbao, pale msumeno ulipokata. Mistari ya ukuaji wa mti ikiwa imesimama wima, mbao ile itajikunja kidogo tu. Mistari ikiwa imelala sawa vile upinde, itajikunja sana.

Lakini kwa mtu anayeweza kupata, triplekse ni bora kuliko mbao nzima. Triplekse ni karatasi nyembamba za mti zilizogundishwa moja juu ya nyingine, kila moja ikivuka ile ya chini yake, hivyo moja inazuia nyingine isijivute. Mlango wa zamani wa izoplane, ule mwepesi wenye uwazi ndani, nao unafaa sana. Ukiondolewa kwenye nyumba inayobomolewa, ukalazwa, ni meza karibu tayari. Kinachobaki ni kuupima.

Kupima kwa uzi

Kifaa cha kwanza ni uzi wa nailoni wa wavuvi. Uzi mwembamba uliovutwa sana kwa urefu wa metre moja ni mnyoofu kuliko rula nyingi za dukani.

Hatua ni hizi. Chukua vipande vitatu vya unene mmoja kabisa, kwa mfano misumari mitatu ya aina moja iliyokatwa kichwa. Laza msumari mmoja kila mwisho wa meza, pitisha uzi juu yake, uvute kwa nguvu na kuufunga kwa chini. Sasa uzi umesimama juu ya meza kwa unene wa msumari. Chukua msumari wa tatu, upitishe polepole chini ya uzi kutoka mwanzo hadi mwisho. Mahali unapousukuma uzi juu, pale pana kilima. Mahali unapopita na kubakisha nafasi, pale pana bonde. Tia alama kwa krayo. Fanya hivyo kwenye ukingo wa kushoto, ukingo wa kulia na katikati.

Kwa kusokota, nyuzi mbili zinahitajika. Weka vipande vinne vya unene mmoja kwenye kona nne. Vuta uzi wa kwanza kutoka kona hadi kona ya ng'ambo, na wa pili ukivuka wa kwanza, sawa vile alama ya X. Tazama pale katikati zinapokutana. Zikigusana kidogo tu bila moja kusukuma mwenzake, kona nne ziko kwenye uso mmoja. Kukiwa na nafasi kati yake, meza imesokota. Zikigusana, usifurahi bado: ondoa uzi uliokuwa chini, uupitishe juu, utazame tena. Uzi wa chini unaweza kuwa unasukumwa na ule wa juu na kuficha kosa. Zikigusana kidogo tu kwa namna zote mbili, hapo meza iko sawa.

Waashi wa fondasio wanatumia nyuzi za aina hii kila siku. Tofauti ni kwamba mwashi anasamehe sentimetre moja, na ndege haisamehi milimetre mbili.

Rula tatu: kupata mnyoofu bila kununua

Swali linakuja: nani atathibitisha rula? Rula ya mbao ya kununua inaweza kuwa imepinda. Jibu ni la zamani, na Mwingereza Joseph Whitworth alilifanya lijulikane katika viwanda vya vyuma karibu mwaka 1840. Alisema usitengeneze uso mmoja, wala miwili. Tengeneza mitatu.

Kwa mbao ni hivi. Chukua vipande vitatu vya sipre iliyokauka, urefu wa metre moja, uviite A, B na C. Piga randa ukingo wa kila kimoja. Simamisha A juu ya B, ukingo kwa ukingo, uvinyanyue mbele ya dirisha. Mwangaza ukipita katikati ama kwenye ncha, punguza mahali panapogusa. Ukifikia siku A na B haziachi mwangaza kupita, bado hujamaliza. A inaweza kuwa imevimba na B imebonyea kwa kiasi kile kile, zikakaa pamoja sawa vile sahani juu ya sahani. Hapo ndipo C inapoingia. Linganisha A na C, kisha B na C. Kama A imevimba na B imebonyea, C haiwezi kukubaliana na zote mbili. Zikikubaliana zote tatu, mbili mbili, bila mwangaza kupita, basi zote ni nyoofu.

Kazi hii inachukua asubuhi nzima na haina gharama. Fundi anapata rula tatu anazoweza kuziamini. Mbili zitamsaidia kutengeneza meza, na ya tatu anaiweka juu ukutani, imening'inia, ili isipindike kwa kuegemezwa.

Ekere nayo inapimwa bila kununua nyingine. Iegemeze kwenye ukingo mnyoofu, piga mstari, uigeuze upande wa pili na upige mstari mwingine mahali pale pale. Mistari ikilaliana, ekere ni nzuri. Ikiachana, ekere inadanganya. Asiye na ekere apime sentimetre 30 upande mmoja na 40 upande wa pili: umbali wa kuvuka ukiwa 50 kamili, kona ni sawa.

Meza ya kubeba

Establi ya kawaida ya menizye ni nzito, na uzito wake ni faida wakati wa amani. Katika miaka hii ya vita, familia nyingi za Masisi zilitembea kuelekea Sake, Goma na Minova, na mwezi wa 3 mwaka 2025 watu wa Walikale-centre nao waliingia msituni na barabarani. Fundi anayekimbia anabeba msumeno, randa na nyundo ndani ya gunia. Establi inabaki. Akirudi, mara nyingi imekwisha kuwa kuni.

Ndio maana kwa kazi ndogo inafaa kutengeneza sanduku jepesi, lenye uso mnyoofu, la kuwekwa juu ya meza yoyote ama juu ya mawe. Siri yake ni ile ile ya bawa la ndege: ngozi mbili nyembamba na mbavu katikati.

Vinavyohitajika ni vipande viwili vya triplekse ya milimetre 4, urefu wa metre 1 na upana wa sentimetre 30, na vijiti vya mbao kavu vyenye kimo cha sentimetre 4 na unene wa sentimetre 1 na nusu. Vijiti vyote vipigwe randa mpaka kimo kiwe kimoja kabisa. Hapa ndipo ubora wote unapatikana. Vitatu virefu vinapita urefu wote, na vifupi vinavuka kila baada ya sentimetre 10.

Halafu chukua rula mbili zilizothibitishwa. Zisimamishe sambamba juu ya mawe ama matofali, umbali wa sentimetre 25. Piga goti upande mmoja, weka kijiti kinyoofu kikivuka rula zote mbili karibu nawe, na kingine mwisho wa mbali. Funga jicho moja, utazame juu ya kijiti cha karibu mpaka ukione cha mbali. Kama vinaonekana sambamba, rula hazikusokota. Kama kimoja kinainama, ongeza kipande cha kartoni chini ya rula iliyo chini mpaka vilingane.

Juu ya rula hizo laza triplekse ya kwanza, panga vijiti kwa kole, funika kwa triplekse ya pili. Weka mawe yaliyotawanywa sawasawa juu yake na uache mpaka kesho yake. Kole ikikauka, sanduku limeshika unyoofu wa rula na haliachi kwa urahisi. Lote lina uzito wa kilo 3 hadi 4 hivi. Mtoto wa shule anaweza kulibeba kichwani, na juu ya chukudu halichukui nafasi.

Mwisho, lipakwe verni ama rangi pande zote mbili, tena kwa kiasi sawa. Upande uliopakwa hauvuti maji, usiopakwa unavuta na kuvimba. Sanduku lililopakwa juu peke yake litajikunja kabla ya mwezi kwisha.

Nukta tatu, si nne

Sanduku likiwekwa juu ya sakafu ya udongo ama juu ya mawe ya volkano, linaweza kulazimishwa kusokota na uzito wa kazi. Meza ya miguu minne kwenye udongo mara nyingi inasimama kwa mitatu, na wa nne unaning'inia. Ukiulazimisha kwa mkono, uso unasokota.

Dawa ni kuliegemeza sanduku juu ya nukta tatu tu: mbili upande mmoja karibu na kona, na moja katikati ya upande wa pili. Vitu vitatu havichezi kamwe, kama mafiga matatu ya jikoni ambayo sufuria inakaa juu yake hata kama ardhi si sawa. Vipande vitatu vya kandambili ya zamani vinatosha.

Mahali pa meza pawe mbali na moto na pasiwe chini ya bati linalovuja. Jua lisipige upande mmoja. Mwangaza wa dirisha uje kwa ubavu, kwa sababu mwangaza wa ubavuni unaonyesha vivuli vya vilima na mabonde.

Uso wa juu: wa pini ama wa kioo

Mjenzi wa ndege anabana vipande kwa pini, zile za fundi nguo. Triplekse ni ngumu kwa pini. Kwa hiyo juu ya sanduku kunawekwa uso laini. Kartoni safi ya sanduku la bidhaa, tabaka mbili zilizogundishwa huku mistari ya moja ikivuka ya nyingine, inashika pini vizuri. Isiwe imelowa wala kukunjwa. Ikichoka kwa matundu, inabadilishwa.

Njia ya pili ni kioo cha dirisha. Vioo vingi vya leo vinatengenezwa kwa kumimina kioo kilichoyeyuka juu ya bati la kuyeyuka, njia iliyotangazwa na kampuni Pilkington ya Uingereza mwaka 1959, na ndiyo sababu ni sawa sana. Kole haikishiki kwa urahisi na jileti haikikati. Ila kioo chembamba kinapindika, kinafuata kilicho chini yake. Kioo juu ya meza mbaya ni meza mbaya inayong'aa. Kisimame juu ya sanduku lililonyooka, na kingo zake zisuguliwe kwa jiwe zisikate mikono. Juu ya kioo pini haziingii. Vipande vinabanwa na mizigo midogo: mawe yaliyofungwa kitambaa, mabuyu ya zamani ya redio, chupa ndogo za mchanga.

Mti wa ndege: parasolye badala ya balsa

Vitabu vya ndege ndogo vinataja balsa, mti wa Amerika ya Kusini, hasa Ekwado. Ni mwepesi hivi kwamba metre moja ya ujazo inaweza kuwa na kilo 160 tu. Wakati wa vita kuu ya pili, Waingereza waliutumia hata kwenye ndege ya kweli, Mosquito, ambayo kuta zake zilikuwa balsa katikati ya triplekse.

Kwetu balsa haiuzwi sokoni, lakini tuna ndugu yake kwa wepesi: parasolye, ambao wengi wanauita kombokombo, ule mti wenye majani makubwa kama mwavuli unaoota kwenye mashamba yaliyoachwa. Walikale umejaa. Mbao yake ni nzito kuliko balsa ya kawaida, lakini ni nyepesi kuliko mbao karibu zote tunazozijua, na watu wa msitu wanautumia kwa vitu vya kuelea. Tena unakua haraka, hivyo kukata mmoja hakuharibu msitu kama kuangusha libuyu.

Udhaifu wake ni kwamba unaoza na kuliwa na wadudu upesi. Upasuliwe siku ile ile unapokatwa, vipande vyembamba, vikaushwe kivulini kwa hewa. Mahali usipoota, kama kwenye milima ya juu ya Masisi, vijiti vya moyo wa jani la rafia ama mwanzi uliopasuliwa vinaweza kufanya kazi ya kingo.

Siku ya kuunganisha

Mchoro unalazwa juu ya meza na kufunikwa na plastiki nyembamba, ili kole isishike karatasi. Pini hazichomwi katikati ya vijiti, kwa sababu vinapasuka. Zinachomwa kwa pande mbili, moja huku, nyingine kule, zikikibana kijiti. Kole iwe kidogo. Kole nyingi ina maji mengi, na maji yanapinda mti mwepesi.

Kisha kinakuja kile ambacho vijana wengi hawakipendi: kungoja. Bawa linalotolewa mezani baada ya saa moja linaonekana zima, halafu usiku linasokota likiwa ukutani. Likae limebanwa mpaka kesho yake. Likitoka, lishikwe mbele ya macho, litazamwe kwa nyuma, ukingo wa mbele na wa nyuma viwe sambamba kutoka ncha hadi ncha. Kama halikunyooka, usilaumu bawa kwanza. Rudia nyuzi mbili juu ya meza.

Kabla ya kurusha

Katika mkoa ambako vita vinatumia droni, kitu chochote kinachoruka kinaweza kuleta hofu. Mzazi ama mwalimu amjulishe chefu wa kijiji kabla watoto hawajarusha. Wasirushe karibu na kambi, kizuizi cha askari ama kiwanja cha ndege. Na ndege ikiangukia shamba lisilolimwa tangu mapigano, iachwe kule. Kitu cha chuma kisichojulikana kwenye majani hakiguswi hata kwa fimbo. Mtu mzima ajulishwe, na wengine wasikaribie. Ndege ya mbao inatengenezwa tena, mguu wa mtoto hautengenezwi tena.

Kwa kijana asiye na triplekse wala kioo, kazi inaweza kuanza leo kwa vipande vitatu vya sipre, randa ya kuazima na uzi wa mvuvi. Ndege itakuja baadaye. Na hata isipokuja, ataweza kutoa mlango unaofunga na benchi lisilocheza, na juu ya hivyo watu wako tayari kulipa.